Ukuta uliotoka baharini

Majira ya baridi ya kwanza katika nyumba yetu nilikuwa nafagia unga kila asubuhi. Unga mweupe, laini kama wa muhogo, ulikuwa ukidondoka chini ya ukuta wa jikoni. Nafagia leo, kesho upo tena. Nikiweka kiganja ukutani kinatoka na vumbi na unyevu wa baridi. Mume wangu alidhani ni rangi ya zamani inabanduka. Siku moja nikachukua kisu cha mezani nikakwangua, kisu kikazama kama kwenye mkate wa jana. Hapo ndipo nilipojua kwamba linalomomonyoka ni jiwe lenyewe.

Nyumba hiyo iko kijijini, kando ya mto Loire, kati ya miji ya Saumur na Angers, magharibi mwa Ufaransa. Ni ndogo, ya zamani, ina kuta nene za mawe meupe na paa jeusi. Tuliinunua kwa sababu ya weupe huo. Mimi ni mtu wa Pangani. Nyumba nyeupe kando ya maji makubwa ilinipa utulivu ambao sikuupata katika ghorofa yoyote tuliyopanga kabla yake.

Nikampigia mjomba wangu. Yeye ni fundi mwashi, na nusu ya maisha yake amekuwa akikarabati nyumba za kale za mawe na chokaa. Nilimtumia picha kwanza, kisha simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Nimeziona hizo picha. Hilo jiwe gani?"

"Wanaliita tuffeau. Linachimbwa hapa hapa, chini ya vilima."

"Linakatwa na nini?"

"Zamani walikuwa wanalikata kwa msumeno wa mkono."

Akanyamaza kidogo. "Kwa msumeno. Basi hilo ni ndugu yake tumbawe. Na nje wamepiga lipu ya nini?"

"Nafikiri simenti."

"Wameliziba pua," akasema.

Sijawahi kusikia maelezo mafupi na kamili kuliko hayo. Karibu nusu ya jiwe la tuffeau ni vitundu vidogo vya hewa. Maji ya ardhini hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Hilo halina madhara mradi maji yapate pa kutokea. Wajenzi wa zamani walilijua, ndiyo maana walijengea chokaa, walipiga lipu ya chokaa na kupaka chokaa. Chokaa inapitisha unyevu. Ukuta unakunywa wakati wa mvua na kukauka wakati wa jua. Mwenye nyumba aliyetutangulia alimwita mtu akampigia simenti nje, ngumu, safi, ya kijivu. Maji yakakosa njia ya nje yakageukia ndani. Kila yanapofika juu ya jiwe na kukauka, chumvi iliyomo inaganda ndani ya vile vitundu na kuvipasua kimoja kimoja. Huo ndio unga niliokuwa nafagia.

Mjomba alikuwa sahihi kuhusu undugu. Tuffeau ni tope la bahari iliyofunika nchi hiyo miaka milioni 90 hivi iliyopita, mabaki ya viumbe wadogo yaliyoshindiliwa yakawa jiwe. Tumbawe laini lililokuwa likitolewa mwambani Pangani, Lamu au Kilwa ni kazi ya viumbe wa bahari vilevile. Na yote mawili yana tabia moja inayonishangaza hadi leo: yakitolewa yakiwa mabichi ni laini, unaweza kuyachonga maua na kamba na herufi, kisha yakipigwa na hewa yanajikaza usoni. Ndiyo maana mihrabu zetu za kale zina nakshi za mawe, na ndiyo maana madirisha ya makasri ya Loire yana nakshi zile ambazo watalii huzipiga picha. Kwa jiwe gumu kazi hiyo ingekula umri wa fundi.

Tangu siku ile nikawa mtu wa kutazama kuta. Mume wangu amezoea; tukisafiri naomba tusimame, nashuka, nagusa ukuta, narudi garini.

Wenyeji wa Anjou, mkoa wetu, husema kuna Anjou nyeusi na Anjou nyeupe. Mwanzo nilidhani ni maneno ya mashairi. Kumbe ni ardhi. Upande wa magharibi kuna miamba ya kale sana, meusi, inayopasuka mabamba mabamba. Hapo nyumba ni nyeusi. Upande wa mashariki, kuelekea Saumur, ndiko kwenye tuffeau, na nyumba ni nyeupe. Mji wa Angers umekaa mpakani. Nenda kwenye ngome yake ya karne ya 13, yenye minara 17, usimame chini ya mnara mmoja: utaona mawe meusi ya hapo hapo mlimani, katikati yake mistari ya mawe meupe, kama kikoi. Aliyejenga alichukua kilichokuwa mkono wa kushoto na kilichokuwa mkono wa kulia.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo limenishika mpaka sasa. Kabla ya reli, jiwe lilikuwa likibebwa na mkokoteni wa ng'ombe. Ng'ombe anachoka, barabara ina tope, na kila kijiji unachopita bei ya jiwe inapanda. Basi mtu wa kawaida alijengea alichokikuta chini ya miguu yake, na umbali wa safari ya ng'ombe ndio uliochora sura ya kijiji. Aliyeweza kuvunja sheria hiyo ni tajiri, au aliyekaa kando ya maji. Kwa Loire, mashua zilishusha tuffeau hadi Nantes na kupandisha juu mabamba meusi ya kuezekea kutoka Trélazé, jirani na Angers. Ukienda Nantes leo utakuta majumba ya wafanyabiashara yana itale chini, panapogusa maji na matope, na tuffeau juu. Itale ni ya huko, tuffeau imekuja kwa mashua. Na kutoka Caen, kule Normandy, mawe yalivuka bahari: baada ya William, mtawala wa Normandy, kuiteka Uingereza mwaka 1066, mawe ya Caen yalipelekwa kujengea Mnara Mweupe wa London na kanisa kuu la Canterbury.

Normandy yenyewe ilinipa jambo la kufurahi zaidi, nalo halikuwa la jiwe. Sehemu nyingi huko hakuna jiwe zuri karibu, kuna miti na udongo. Basi wakasimamisha nguzo na mihimili ya mwaloni, katikati wakasuka fito, wakakandika udongo uliochanganywa na majani makavu ya nafaka. Nilisimama mbele ya nyumba moja kama hiyo sehemu ya udongo ilipokuwa imedondoka, nikaona fito zenyewe, nikaona alama za vidole vya aliyekandika. Wafaransa wana jina lao, torchis. Mimi nilisema kwa sauti, "Hii imekandikwa," mume wangu akauliza maana yake, nikamwonyesha kwa mikono. Hakuna neno la Kifaransa linalonifikisha pale kama hilo letu.

Juu ya nyumba hizo, hasa kwenye kinamasi cha Marais-Vernier karibu na mdomo wa mto Seine, wanaezeka kwa matete na majani makavu. Kila aliyekulia chini ya makuti anajua kwamba udhaifu wa paa la majani uko kileleni, pale pande mbili zinapokutana. Wao hufunika kilele kwa udongo, na juu ya udongo wanapanda maua ya irisi. Mizizi inaushika udongo usichukuliwe na mvua, na inanyonya maji. Mwezi wa Mei mstari mzima wa paa unachanua zambarau. Nilidhani ni pambo, hadi mama mmoja mwenye nyumba aliponieleza akiwa ameshika ndoo ya kuku.

Alsace, upande wa pili wa nchi mpakani na Ujerumani, nako ni miti na udongo, lakini ustadi wa useremala umepanda ngazi nyingine. Viungo havina misumari. Ni ulimi na tundu, vikifungwa kwa vigingi vya mbao. Ukitazama kwa karibu kwenye mihimili ya zamani utaona mikwaruzo: mistari miwili, mitatu, mkato wa msalaba. Ni namba za fundi. Mbao zote zilikatwa na kujaribiwa chini, zikahesabiwa, kisha zikasimamishwa. Kwa hiyo nyumba iliweza kufunguliwa na kuhamishwa. Zamani huko nyumba ya miti ilihesabiwa kama mali inayohamishika, kama kabati. Katika kijiji cha Ungersheim kuna makumbusho ya wazi yaliyofunguliwa mwaka 1984, yenye nyumba kadhaa za wakulima zilizokuwa zibomolewe: zilifunguliwa zilikokuwa, zikaja kusimamishwa hapo upya. Nilikaa siku nzima. Na katikati ya nchi hiyo ya miti, kanisa kuu la Strasbourg limesimama mita 142 kwa jiwe la mchanga la waridi kutoka milima ya Vosges. Ukuta wa mkulima na ukuta wa askofu havikutoka mfuko mmoja.

Mahali pengine nitapita haraka. Toulouse na Albi ni matofali ya kuchoma, kwa sababu mito ya huko inaleta udongo mzuri na mawe yako mbali. Kanisa kuu la Albi, lililoanza kujengwa mwaka 1282, ni kama ngome nzima iliyofinyangwa. Clermont-Ferrand kanisa kuu ni jeusi, kwa kuwa limejengwa kwa lava ya volkeno kutoka Volvic, na mvua ikilinyeshea linang'aa kama makaa mapya. Pwani ya Caux, kule Étretat, wanajengea mawe ya gumegume yanayookotwa kwenye miamba ya chaki. Provence nyumba ya shamba inaugeuzia upepo wa mistral mgongo: ukuta wa kaskazini hauna dirisha, au una kitundu tu, na milango yote inatazama jua. Rangi za kuta za Roussillon ni udongo mwekundu na wa manjano wa vilima vyake, umechanganywa kwenye chokaa. Kwa Wabasque, watu wa kusini magharibi mpakani na Hispania, nyumba ina jina, na zamani mtu alijulikana kwa jina la nyumba yake. Jina na mwaka vimechongwa juu ya mlango, na mgeni anasoma kabla hajabisha hodi.

Kwenye milima ya Haut-Doubs, karibu na Uswisi, niliingia nyumba ambayo katikati yake kuna chumba kizima kilicho bomba la moshi. Wanakiita tuyé. Ni kama piramidi ya mbao, inaanza upana wa chumba na kupungua hadi juu ya paa, na ndani kumetundikwa soseji na mapaja ya nguruwe yakikaushwa kwa moshi wa misonobari. Mimi nyama hiyo sili. Lakini nilisimama chini nikatazama juu, mbao zote zimekuwa nyeusi na kung'aa kwa masizi ya vizazi, na kitundu cha anga juu kabisa, nikakumbuka jiko la bibi yangu na dari lake lililolika kwa moshi. Baridi ya huko ni kali, na nyumba imejengwa kuuzunguka moto.

Mapaa yana kisa chao. Ufaransa imegawanyika mara mbili kwa paa. Kusini paa limelala, kwa sababu vigae vya huko ni vya duara nusu, vya Kirumi. Havikufungwa na chochote, vimekaa kwa uzito wake, na ukiliinua paa vinateleza. Kaskazini paa limesimama, kwa vigae bapa au mabamba meusi yaliyopigiliwa, maji yateremke mbio. Mtu angesema ni suala la mvua na theluji tu, na mimi nilisema hivyo, hadi nilipofika Lorraine, kaskazini mashariki, kwenye baridi na theluji, nikakuta mapaa yamelala na vigae vya duara kama niko karibu na Marseille. Mazoea nayo hujenga. Fundi hufundishwa na fundi, na mkono ukishajua kigae kimoja haukiachi kwa sababu ya hali ya hewa. Kule Périgord wao wameezeka kwa mabamba ya mawe ya chokaa, mzigo wa nusu tani au zaidi kwa kila mita ya mraba, na chini yake kenchi za mwaloni zimepinda kidogo lakini zimebeba.

Karibu na Lyon na Grenoble kuta ni za udongo mtupu, ulioshindiliwa ndani ya mbao tabaka kwa tabaka. Msemo wao ni kwamba nyumba ya udongo inataka viatu vizuri na kofia nzuri: msingi wa mawe chini, paa lililotokeza juu. Ukiwa navyo, udongo unakaa karne nyingi. Grenoble ndiko ilikoanzishwa CRAterre mwaka 1979, kituo cha kufundisha na kutafiti ujenzi wa udongo, na maarifa hayo yalivuka hadi Mayotte, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa katika visiwa vya Komoro, ambako lugha ya wenyeji ni binamu ya Kiswahili: tangu miaka ya 1980 maelfu ya nyumba huko zimejengwa kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine. Nalitaja hilo kwa sababu kwetu nyumba ya udongo imekuwa kama jambo la kuonea haya, na watu wengi wakipata fedha huvunja udongo kabla ya kitu kingine chochote. Laiti wangeziona kuta za ghorofa mbili za Dauphiné, eneo hilo la Grenoble.

Reli ndiyo iliyoanza kufuta mipaka. Mwaka 1841, huko Altkirch, Alsace, ndugu wawili wa ukoo wa Gilardoni walipata hati ya uvumbuzi wa kigae cha kushikana, chenye mdomo na mfereji, kinachofyatuliwa kwa mashine. Kilikuwa chepesi, cha bei nafuu, na treni ikakipeleka popote. Vigae vile vyekundu vya Mangalore vilivyo juu ya nyumba za kale za Tanga na Mombasa, vilivyokuja kwa meli kutoka India, ni vya ukoo huo huo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikafuata tofali la simenti. Leo pembezoni mwa mji wowote wa Ufaransa, uwe Lille au Perpignan, kuna nyumba zile zile: tofali la simenti, lipu ya rangi ya krimu, dirisha la plastiki. Najua zimewapa watu makazi, na mtu mwenye watoto watatu na mshahara mmoja simlaumu. Lakini ukifumba macho ukafumbuliwa hapo hujui uko wapi, na hilo linaniuma.

Sheria inajaribu. Ukikaa ndani ya mita 500 kutoka jengo la kihistoria, msanifu majengo wa serikali anayesimamia majengo hayo lazima aridhie unachokifanya kinachoonekana nje. Majirani zangu wananung'unika: bamba la jiwe ni ghali, la kuiga ni rahisi. Na wana hoja yenye kuchoma, kwamba machimbo ya Trélazé yalifungwa mwaka 2013, na mabamba mengi yanayoezeka Ufaransa sasa yanatoka Hispania. Tunalinda sura ya Anjou kwa jiwe la Galicia, kule Hispania. Nimelifikiria sana hilo. Naona bado ni afadhali, kwa kuwa mikono inayojua kulipasua na kulipigilia jiwe hilo inabaki na kazi. Notre-Dame, kanisa kuu la Paris, ilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, walipatikana maseremala wa kuchonga mihimili ya mwaloni kwa shoka, ikafunguliwa tena Desemba 2024. Mikono ile isingekuwepo kama katikati hapo pasingekuwa na watu waliokubali kulipa zaidi.

Sasa ukuta wangu. Kampuni moja ya ujenzi niliyoiita kwanza ilinipa makadirio ya kupiga dawa ya kuzuia maji na simenti mpya juu ya ile ya zamani. Nilikataa. Nikampata mzee mmoja wa kijiji cha pili, mwashi mstaafu, ambaye mpaka leo mimi na yeye tunaitana Monsieur na Madame. Alikuja na nyundo ndogo, akagonga ukuta mzima akisikiliza kama daktari anavyogonga kifua. Akasema, "Madame, tutaibandua yote, kisha hutafanya chochote kwa miezi mingi. Utauacha ukauke."

Tulibandua majira ya kiangazi. Simenti ilitoka mabamba makubwa, na nyuma yake jiwe lilikuwa limeloa, la rangi ya manjano, likanuka kama pango. Mawe saba yalikuwa yameliwa sana tukayabadilisha. Mzee alikata mapya kwa msumeno, nikaomba nikate moja. Ulikuwa wepesi ule ule alioutaja mjomba, vumbi jeupe likanijaa mapajani. Mchanganyiko wake ni chokaa kipimo kimoja, mchanga wa Loire vipimo viwili na nusu, na konzi za unga wa tuffeau ili kiungo kifanane na jiwe. Nikamtumia mjomba video. Alitazama mkono wa mzee unavyobonyeza chokaa kwa mwiko, akauliza jambo moja tu: je, analowesha jiwe kwanza? Nikamwambia analowesha. Akasema, "Mpe salamu zangu, mwambie anajua kazi."

Nilizifikisha. Mzee alivua kofia.

Ukuta wa jikoni haudondoshi unga tena. Umebaki wa kaskazini, mita kumi na moja, bado uko chini ya simenti. Chokaa haipigwi wakati wa baridi kali, barafu inaivunja kabla haijakaza, kwa hiyo tunasubiri Aprili. Mifuko sita iko stoo, imepangwa juu ya mbao isiguse sakafu.